Kabla Maji Hayajafika Mlangoni: Somo la Kujiandaa na Majanga Kibera na Kawangware

Mvua za masika za mwaka 2024 ziliacha funzo ambalo wakazi wa Nairobi hawajalisahau. Mafuriko ya msimu huo yaliua zaidi ya watu 250 kote nchini na kuzihamisha maelfu ya familia. Hapa jijini mito ilivunja kingo usiku, watu wakiwa wamelala. Baadaye serikali iliamuru wote waliokuwa wakiishi ndani ya mita 30 kutoka ukingo wa mto wahame.

Agizo lilikuwa moja kwa wote, lakini kuhama si kazi moja kwa wote. Kijana mwenye nguvu hujitwika godoro na kuondoka. Mzee asiyeweza kutembea bila mkongojo, mama aliyejifungua wiki iliyopita, mtu asiyesikia na mtoto aliyefungiwa ndani mama akiwa kibaruani, hao wote wanamngoja mtu mwingine. Mtu huyo asipojulikana mapema, hatapatikana saa nane za usiku.

Somo hili linaeleza yale ambayo watafiti wa afya ya umma na wa majanga wamegundua kuhusu watu wa aina hiyo, na namna mkazi wa Kibera au Kawangware anavyoweza kuyatumia nyumbani, kwenye ploti na katika wadi yake.

1. Hatari ni kitu kimoja, janga ni kingine

Mwaka 1976 watafiti watatu, Phil O'Keefe, Ken Westgate na Ben Wisner, walichapisha makala katika jarida la kisayansi la Nature. Walisema kwamba majanga hayapaswi kuitwa ya asili tu, kwa kuwa kinachoamua nani atakufa na nani atapona ni hali ambayo watu walikuwa wakiishi kabla ya tukio. Hoja hiyo ina uhusiano na Kenya. Wisner alifanya utafiti wake wa uzamifu kuhusu ukame katika upande wa mashariki wa nchi hii, akakamilisha mwaka 1978. Aliona kwamba familia zilizopata ukame uleule hazikuumia sawasawa. Mwenye shamba pazuri, mifugo au ndugu wa kumsaidia alivuka. Asiye navyo aliangamia.

Kutokana na kazi kama hiyo, wataalamu hutenganisha mambo mawili. La kwanza ni hatari: mvua kubwa, moto, mlipuko wa gesi, ugonjwa wa kuambukiza, ghasia. La pili ni udhaifu wa mtu au mtaa mbele ya hatari hiyo. Mambo hayo mawili yanapokutana, ndipo janga linapotokea.

Mvua inayonyesha Kawangware ndiyo hiyohiyo inayonyesha Lavington, ng'ambo ya barabara tu. Lakini upande mmoja una mitaro mipana na nyumba za mawe zilizoinuliwa. Upande mwingine una mabati, vichochoro vya udongo na mtaro uliozibwa na taka. Mvua haikuchagua mtaa. Mpangilio wa mtaa ndio uliochagua nyumba ya kuingia maji.

Faida ya kutenganisha mambo haya mawili ni kwamba inampa mkazi kazi ya kufanya. Hakuna awezaye kuzuia mvua. Udhaifu unaweza kupunguzwa, na mara nyingi kwa gharama ndogo.

2. Utafiti wa Nairobi unasema nini

Kibera ni miongoni mwa mitaa iliyochunguzwa sana barani Afrika, na baadhi ya matokeo yanahusu moja kwa moja suala la kujiandaa.

Kwanza, mafuriko. Baada ya mvua za mwaka 2015, shirika la Kounkuey Design Initiative pamoja na washirika wake lilihoji kaya 963 za Kibera. Zaidi ya nusu zilisema maji yaliingia ndani ya nyumba zao msimu huo. Hii ina maana kwamba mafuriko si tatizo la walio kando ya Mto Ngong na Bwawa la Nairobi peke yao. Maji huingia pia kupitia mitaro ya katikati ya vijiji, mbali na mto, pale yanapokosa njia.

Pili, moto na kuungua. Utafiti uliofanywa Kibera na kuchapishwa mwaka 2014 katika jarida la Burns ulifuatilia kaya kwa miaka kadhaa. Ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka 5 waliungua kwa kiwango kikubwa mara kadhaa kuliko watu wengine. Miongoni mwa waliovuka umri huo, wanawake waliungua zaidi kuliko wanaume. Sababu inaonekana kwa macho: katika chumba cha futi 10 kwa 10, jiko, kitanda na mtoto anayetambaa viko mahali pamoja. Moto mkubwa unaofika kwenye habari ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Sufuria ya uji inayopinduka huumiza kila wiki.

Tatu, maji machafu. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, na wenzao wa Marekani walilinganisha homa ya matumbo, yaani taifodi, katika Kibera na eneo la mashambani la Lwak, Kaunti ya Siaya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha wagonjwa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka Kibera, ikilinganishwa na 29 Lwak. Mtaa wenye kiwango kama hicho katika siku za kawaida hauhitaji mafuriko makubwa ili uingie kwenye mlipuko. Mabomba yakipasuka na vyoo vikifurika, ugonjwa tayari uko mlangoni.

Nne, dawa za kila siku. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilifika Kibera na Kawangware. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Lakini kulikuwa na madhara ambayo hayakuonekana barabarani. Utafiti uliofanywa Nairobi kuhusu watu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI ulionyesha kwamba, katika wiki hizo, waliochelewa kurudi kliniki hadi dawa zikawaishia waliongezeka kuliko kipindi kama hicho cha mwaka uliotangulia. Barabara zilifungwa, watu walihama na wengine waliogopa kutoka nje. Mgonjwa wa kisukari, wa shinikizo la damu, wa kifafa au wa kifua kikuu yuko katika hali hiyohiyo kila njia zinapofungwa, ziwe zimefungwa na ghasia au na mafuriko.

Tano, msaada wenyewe. Mnamo Aprili 10, 2020, wakati wa vikwazo vya korona, watu walijeruhiwa Kibera katika msongamano wa kugombea chakula cha msaada. Katika foleni ya kusukumana, mwenye nguvu hutangulia. Mjamzito, mzee na mwenye ulemavu hurudi nyumbani mikono mitupu au na majeraha. Ugavi usiowafikia watu milangoni mwao huwanyima wale hasa uliokusudiwa.

3. Walio hatarini ni akina nani

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 21(3), inawataja wanawake, wazee, watu wenye ulemavu, watoto, vijana na jamii za walio wachache kuwa makundi ambayo mahitaji yao lazima yashughulikiwe na maafisa wa umma. Orodha hiyo ni msingi mzuri, ila utafiti unaonyesha kwamba haitoshi kumjua mtu kwa kundi lake. Ni lazima kuuliza: akitakiwa kuondoka sasa hivi, ni nini kitamzuia?

Kwa mmoja, kizuizi ni mwili: hawezi kutembea, haoni, ana mimba ya miezi minane. Kwa mwingine ni habari: hasikii king'ora, hana simu, au haelewi lugha ya tangazo. Kwa wa tatu ni mlango: amefungiwa ndani, au mlango ni mmoja na moto uko hapo. Kwa wa nne ni mali: hataondoka kwa sababu cherehani, friji ya biashara au mtaji wa mboga ndio chakula cha wanawe, na anajua kwamba akitoka ataibiwa. Kwa wa tano ni upweke: hakuna anayejua kwamba yuko humo.

Upweke huo haupaswi kudharauliwa. Mnamo Julai 1995 joto kali lilipiga jiji la Chicago, Marekani, na watu wapatao 739 wakafa kuliko ilivyo kawaida. Jan Semenza na wenzake wa afya ya umma walilinganisha waliokufa na majirani waliopona. Waliokuwa kwenye hatari kubwa ni wagonjwa wasioweza kuondoka kitandani na watu walioishi peke yao. Waliokuwa na marafiki au jamaa wa kuwatembelea walikuwa salama zaidi. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alitazama mitaa miwili ya jiji hilo inayopakana, yote ya watu wa kipato cha chini. Mmoja ulikuwa na vifo takriban mara 10 ya mwingine. Mtaa uliopona ulikuwa na barabara zenye maduka, watu na mazoea ya kutembeleana. Wazee walitoka, na wasipotoka waliulizwa.

Katika jambo hili Kibera na Kawangware zina utajiri ambao mitaa mingi yenye kuta ndefu haina. Watu wanajuana. Mama mboga anajua ni mteja gani hajaonekana siku tatu. Chama, kanisa, msikiti, kundi la bodaboda na wazee wa kijiji wako karibu. Kilichobaki ni kuugeuza ujirani huo kuwa mpango.

4. Tahadhari inayofika

Bangladesh ilipoteza watu wasiopungua 300,000 katika kimbunga kimoja cha mwaka 1970. Baada ya hapo, serikali na Shirika la Msalaba Mwekundu walijenga mtandao wa watu wa kujitolea wanaopita vijijini na vipaza sauti, wakabisha mlango kwa mlango na kuwasindikiza watu hadi kwenye majengo ya kujikinga. Kimbunga cha mwaka 1991 bado kiliua watu wapatao 140,000, na wanawake walikufa zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa wengi walibaki nyumbani na watoto wakingoja ruhusa au habari. Mpango ukaimarishwa na wanawake wakaongezwa miongoni mwa wanaotoa tahadhari. Mwaka 2007 kimbunga kikali cha Sidr kiliua watu chini ya 5,000. Hata hao ni wengi, lakini tofauti ni kubwa mno. Upepo haukupungua nguvu. Tahadhari ndiyo iliyofika mlangoni.

Nairobi ina mfano wake. Mpango wa DARAJA, ulioanza mwaka 2018 katika mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam, uliwakutanisha wataalamu wa hali ya hewa na wakazi wenyewe. Utabiri uliandikwa upya kwa lugha ya mtaani, kisha ukapitishwa kwa viongozi wa vijiji, shule, redio za jamii na ujumbe wa simu. Mkazi anapoambiwa kutatarajiwa "milimita 40", hana la kufanya. Anapoambiwa kwamba mvua ya leo usiku inaweza kufurisha mtaro na ni vyema ainue godoro na kufungua njia ya maji kabla ya jioni, anajua pa kuanzia.

Kutoka katika mifano hii miwili, tahadhari nzuri ina mambo manne: inafika mapema, inaeleweka, inatoka kwa mtu anayeaminiwa, na inasema la kufanya.

5. Mfano wa ploti yenye vyumba 12

Mfano ufuatao ni wa mazoezi tu. Ploti ina vyumba 12 vya mabati, lango moja na mtaro upande wa nyuma. Wapangaji wanakutana Jumapili alasiri kwa muda wa saa moja.

Wanaanza kwa kuhesabu. Chumba cha 3 kuna nyanya wa miaka 78 anayetembea kwa mkongojo. Chumba cha 7 kuna mama mjamzito. Chumba cha 9 kuna kijana asiyesikia. Chumba cha 11 kuna watoto wawili ambao hufungiwa ndani mama yao anapokwenda kufua nguo mtaa wa pili.

Kisha wanagawana kazi kwa majina. Vijana wawili wa chumba cha 4 watambeba nyanya, na mmoja wao asipokuwepo, wa chumba cha 5 atachukua nafasi yake. Mama mjamzito ana nambari ya mwendesha boda aliyekubali kuamshwa usiku, pamoja na begi la kujifungulia lililo tayari. Kijana asiyesikia hataamshwa kwa kelele wala simu. Jirani ana ufunguo wa akiba, naye ataingia na kumulika tochi usoni pake. Ufunguo wa pili wa chumba cha 11 unakaa kwa jirani anayeshinda nyumbani, na kufuli la nje halitatumika tena bila yeye kujua.

Mwishoni wanakubaliana kuhusu njia ya kutoka, mahali pa kukutania palipo juu ya maji, na ishara moja: filimbi tatu. Mtu mmoja anahesabu vichwa wanapofika. Jina likikosekana, zimamoto huambiwa ni chumba gani.

Mpango huo haukuhitaji pesa, isipokuwa bei ya filimbi na funguo mbili. Ulihitaji heshima pia. Nyanya wa chumba cha 3 aliulizwa anavyopenda kubebwa, kwa sababu yeye ndiye anayejua ni mguu gani unauma. Orodha yenyewe haibandikwi ukutani, maana habari za afya ya mtu ni siri yake. Inakaa kwa watu wawili walioaminiwa, na inarekebishwa kila mpangaji anapohama au kuingia.

6. Kaunti, sheria na mkazi

Jedwali la Nne la Katiba linazipa serikali za kaunti jukumu la huduma za zimamoto na udhibiti wa majanga. Kifungu cha 43(2) kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haya ni haki ya mkazi.

Hata hivyo, gari la zimamoto haliwezi kupita kwenye kichochoro cha upana wa mita moja. Kibanda kilichojengwa juu ya mtaro au katikati ya njia huokoa kodi ya mwezi na kuhatarisha kijiji kizima. Nyaya za umeme za kuunganisha kiholela ni hatari kwa namna hiyohiyo. Kuziacha njia wazi ni kazi ya wakazi, wenye ploti, machifu na kaunti kwa pamoja.

Hesabu nayo ni muhimu. Kwa miaka mingi ilidaiwa kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 185,777 katika Kaunti Ndogo ya Kibra. Hadi mwaka 2009, vijana wa mradi wa Map Kibera walipoanza kuchora njia, vyoo na zahanati, sehemu kubwa ya mtaa huo haikuonekana kwenye ramani. Anayepanga dawa, mahema au maji kwa hesabu isiyo sahihi atakosea pa kupeleka. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliozinduliwa kitaifa Septemba 2023, kila mmoja hutembelea takriban kaya 100. Mkazi anayemweleza mhamasishaji wake kwamba ndani ya nyumba kuna mgonjwa asiyeinuka kitandani amefanya sehemu ya kwanza ya uokoaji.

7. Mambo ya kufanya wiki hii

- Weka vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na dawa za siku kadhaa ndani ya mfuko wa plastiki usiopenya maji, mahali pa juu.
- Anayetumia dawa za kila siku amuulize mhudumu wa kliniki afanye nini njia zikifungwa, na aandike jina la dawa na kipimo chake kwenye karatasi.
- Jiko liwe mbali na mlango na pazia, na mtoto mdogo asiachwe peke yake nalo. Mafuta ya taa yakiwaka, yasimwagiwe maji. Funika kwa mchanga au blanketi zito lililolowa.
- Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitalini. Asipakwe dawa ya meno, unga wala yai.
- Maji yakianza kuingia, zima umeme kwenye swichi kuu ikiwa unaifikia bila kukanyaga maji. Usivuke mtaro unaotiririka kwa kasi, hata ukionekana haufiki magotini.
- Baada ya mafuriko, chemsha maji ya kunywa au yatie dawa. Anayeharisha sana apewe maji ya chumvi na sukari ya vipimo, na afikishwe kituo cha afya mapema.

Maswali ya kujadiliana katika chama, baraza au mkutano wa ploti

1. Katika ploti yetu, nani hawezi kutoka bila msaada, na nani amekubali kumsaidia?
2. Umeme ukizimika na simu zikose chaji, tahadhari itamfikiaje asiyesikia na asiyeona?
3. Ni nini kinachoziba mtaro au njia yetu, na nani atakiondoa kabla ya mvua?
4. Msaada ukiletwa mtaani, utamfikiaje asiyeweza kupanga foleni?

Nambari za dharura

Polisi na dharura zote: 999 au 112. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya: 1199. Dhuluma za kijinsia: 1195. Watoto: 116. Ziandikwe ukutani kwa herufi kubwa, pale ambapo hata mtoto anayejua kusoma tarakimu ataziona.